Elfu 25 ya geti la Tangi inafanya kazi gani hasa?

DerevaWaArua (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni dereva wa Fuso, njia ya Arua–Kampala, mwaka wa 11 sasa. Nashusha ufuta, napandisha saruji na soda. Kwa hiyo mbuga ya Murchison hapa Uganda nimeipita pembeni mara nyingi kuliko mtalii yeyote. Naijua ya dirishani: nyani wa Karuma wamekaa kando ya lami wakingoja ndizi kama abiria walioachwa na basi, na pale karibu na daraja la Pakwach tembo anasimama mchana kweupe, anakutazama kama wewe ndiye umekuja kwake. Yote hayo bure, maana barabara kuu ni ya kila mtu. Ndani sikuwahi kuingia. Kwetu ukimwambia mtu unaenda mbugani anakuuliza umepotelewa na ng'ombe.

Basi Desemba shemeji yangu akaja kutoka Mombasa. Siku ya pili tu akaanza: "Mnaishi mlangoni kwa watu na hamjawahi kupiga hodi?" Mke wangu akamuunga mkono, nikajua nimeshindwa. Nikaazima Premio ya rafiki, tukatoka Arua alfajiri, saa tatu na kidogo tuko geti la Tangi.

Afande aliyekuwa zamu, binti mdogo tu, akatuhesabu. Watu wazima watatu, raia wa Afrika Mashariki, shilingi elfu 25 kila mmoja. Shemeji na kitambulisho chake cha Kenya akalipa sawa na sisi, akafurahi sana, nikaona kama amependelewa. Mtoto wangu ana miaka mitatu, akapita bure. Gari likalipiwa lake. Pesa taslimu hawapokei, unalipa kwa simu, na mtandao ukaamua kuzunguka hapo hapo. Nikapanda juu ya jiwe na simu mkononi kama mtu anayeutafuta mwezi wa Ramadhani. Ujumbe ukaingia, risiti ikatoka, saa 24 zikaanza kuhesabiwa.

Sisemi nimeonewa. Mtoto alihesabu twiga hadi akafika alipojua kuhesabu, akaanza upya. Simba hatukumwona, tuliona alipolala. Lakini tukiwa tunarudi shemeji akauliza swali lililonikalia kooni mpaka leo: "Hawa wanyama nyasi wanakula za Mungu, maji ya Nile, usiku wanalala chini. Sasa elfu sabini na tano yetu inamlisha nani?"

Nikanyamaza. Mimi nalijua lori langu: shilingi ikiingia najua ipi ni ya dizeli, ipi ya tairi, ipi ya tanboi, ipi ya fundi wa springi. Mbuga sijui. Anayejua anieleze. Na zile habari kwamba vijiji vinavyopakana na mbuga vinapata fungu, ni kweli au ni maneno ya kampeni? Jibuni kwa mifano, hotuba nasikia za kutosha redioni.

---

Bazukulu_Ntinda (Jumapili, saa 2:52 usiku)

Kaka, zinaliwa. Mada ifungwe.

---

DerevaWaArua (Jumapili, saa 2:58 usiku)

Zinaliwa na nani, kwa sahani gani? Nimesema mifano.

---

MzeeWaDoria (Jumapili, saa 4:15 usiku)

Marahaba dereva. Kiswahili changu ni cha kambini, ngeli mtanisamehe.

Nilivaa kijani cha askari wa wanyamapori tangu 1987 hadi 2016, miaka mingi kati ya hiyo nikiwa upande huo huo wa kaskazini ulikoingilia. Sasa niko Pakwach, nina mbuzi watano na redio. Shemeji yako ameuliza vizuri. Wanyama kweli hawalishwi. Anayelishwa ni mtu anayetembea.

Nianze na lori lako, ndilo unalolijua. Tairi lako likiisha unalipeleka wapi? Wako watu wanalinunua. Wanalichoma porini, mpira unaungua, zinabaki zile waya za ukingoni, nyembamba, ngumu, hazikatiki kwa mkono. Waya moja ni kitanzi kimoja. Kinafungwa kwenye shina la mti, kinaachwa wazi usawa wa shingo ya swala, katikati ya njia anayopita kwenda majini. Na springi zako, zile bapa, zikivunjika kuna mhunzi anazifua kuwa taya za chuma. Zile hazichagui. Nyati akikanyaga, simba akikanyaga, afande akikanyaga, ni mguu.

Sasa nenda uvitoe. Mbuga ina zaidi ya kilomita za mraba 3,800. Mvua ikinyesha nyasi zinapita kichwa changu, na mimi si mfupi. Kitanzi hukioni kwa jicho, unakitafuta kwa fimbo na kwa mguu. Mnatoka watu sita, siku tano. Mmebeba posho, maharage, chumvi, sufuria moja, dawa za malaria, betri, risasi zilizohesabiwa. Kama mnavuka mto kuna boti, na injini ya boti inakunywa petroli kuliko Fuso yako kwenye mlima. Siku ya tano mnarudi na waya mabegani kama wauza kamba, mnazitupa kwenye rundo kambini. Wiki ijayo mnatoka tena, njia ile ile, na waya mpya ziko pale pale. Ukiniuliza elfu 25 ni nini, nitakuambia ni posho ya siku kadhaa ya mtu mmoja kwenye safari ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuipiga picha.

Nikupe moja. Asubuhi moja karibu na mto tulimkuta kobu, wale swala wa rangi ya chai ya maziwa uliowaona kila mahali. Waya imemshika mguu wa nyuma, na kwa kuvuta usiku kucha imekata hadi mfupa. Mwenzangu alimfunika macho kwa koti, mimi nikakata na koleo. Tukaruka pembeni tukijua atachomoka kama mshale. Hakukimbia. Alisimama pale, mguu umeinuliwa, akitusikiliza. Tukaondoka sisi. Hata leo sijui kama aliishi.

Hiyo ni doria. Bado barabara. Ile lami nzuri uliyopita ndani, hiyo na daraja la Paraa zimekuja na mambo ya mafuta ya petroli, usizihesabu kwenye elfu 25 yako. Lakini vijia vyote vya vumbi ulivyokata kona kutafuta simba, hivyo vinakufa kila mvua ndefu. Ule udongo mweusi ukilowa unakuwa kama ugali ulioiva vibaya, gari la mgeni linazama hadi mlangoni. Greda inatoka, kalavati zinazibuliwa, mawe yanamwagwa. Kiangazi kikianza kuna kuchoma nyasi mapema, kwa mpango, kipande kwa kipande, ili moto wa wahuni usije ukala kila kitu kwa siku moja. Ukichoma vizuri, baada ya wiki mbili majani mabichi yanachipua na wanyama wote wanahamia pale. Mgeni anadhani amebahatika.

Wengine mtasema mzee anatetea mwajiri wake wa zamani. Haya, niwaambie mbuga isiyo na mgeni ikoje, maana nilianzia humo. Miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na tembo kama 30,000. Vita vya 1979 na fujo zilizofuata, bunduki zikawa nyingi kuliko majembe, na miaka ya 1980 walibaki kama 2,000 nchi nzima. Mimi nimeingia kazini wakati huo. Unatembea siku nzima unaona mifupa. Hoteli ya Pakuba ilibaki kuta tu, chui wakahamia vyumbani, na wako humo mpaka leo. Kwenye geti kulikuwa na daftari la wageni. Ukilifungua unaona tarehe, halafu tarehe, bila jina katikati. Gari likipata dizeli linatoka, likikosa tunakwenda kwa miguu, na jangili anajua kabisa ni wiki gani tumekosa. Halafu vita vya Kony vikaufunga huu upande wa kaskazini mara nyingine.

Wageni walianza kurudi kidogo kidogo. Mamlaka ya Wanyamapori yenyewe imezaliwa 1996. Pesa za geti zilipoanza kuonekana, nilichokiona kwanza kabisa ni viatu. Jozi mpya, za ngozi, za saizi yangu. Unaweza kucheka, lakini mtu aliyevaa kandambili hafuati nyayo kwenye miiba.

Na furaha yangu ya mwisho, Januari 2016. Twiga wote walikuwa wamejazana kaskazini, upande wa kusini wa Nile hakuna hata mmoja. Tukawavusha. Twiga amefungwa macho, amesimama kwenye lori lililokatwa paa, lori liko juu ya feri ya Paraa, feri inakata maji taratibu, viboko wanatoa pua kutazama. Shingo inayumba juu kama mlingoti. Alipokuwa anateremka ng'ambo hakuna aliyepumua. Daktari wa wanyama, dawa za usingizi, magari, feri, vijana arobaini wa kushika kamba: hakuna kati ya hao anayefanya kazi kwa majani ya Mungu.

Kuhusu vijiji, ni sheria, siyo kampeni. Asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi inakwenda kwa serikali za mitaa za wananchi wanaopakana nayo. Kwenye 75,000 yenu, 15,000 ni ya mpakani. Mzungu analipa dola 45 pale Murchison, dola 9 ni za mpakani. Kama zinafika zote, mimi si mkaguzi. Waulizeni wanaopokea.

---

MamaMihogo (Jumatatu, saa 12:20 asubuhi)

Tunaopokea tuko hapa.

Mzee shikamoo. Miguu yako naiheshimu, hata kaka yangu alikuwa afande kama wewe. Lakini umesema asilimia 20 ukapita haraka kama gari la wageni. Asilimia 20 ya kiingilio cha getini. Ya boti ya kwenda kwenye maporomoko, hapana. Ya kitanda cha hoteli, hapana. Ya kumlipa anayewazungusha kutafuta simba, hapana. Mgeni anaweza kumaliza dola 400 kwa siku mbili, na sisi tunahesabiwa kwenye zile 45 za mlangoni. Dereva, hesabu yako ndiyo safi kuliko zote, maana wewe ulilipa mlango tu ukaleta chakula chako.

Mimi niko mpakani upande wa Nwoya. Msimu uliopita nilikuwa na mihogo ekari moja na nusu. Tembo hali mhogo kama mtu, anang'oa, anatafuna mzizi, shina analitupa. Walikuja wanne, usiku wa manane. Tukapiga sufuria, tukawasha moto, mjukuu wangu akapiga debe hadi likatoboka. Mkubwa wao alinisogelea nikausikia ule mlio wao mzito wa chini, siyo kelele, ni kama lori lako likiwa linanguruma bila kwenda. Nikarudi nyuma. Asubuhi ikabaki robo ekari. Watoto wa hapa wakati wa mavuno wanalala darasani, walimu wameshazoea.

Sasa fungu letu. Miaka miwili iliyopita kijiji chetu kilichagua mradi wa mbuzi. Nikapata mmoja, jike. Tukampa jina Kiingilio. Kiingilio amezaa mara mbili, sina ubaya naye. Lakini jirani yangu ambaye shamba lake liko mbele yangu, yaani tembo wanaanzia kwake, hakuwa kwenye orodha. Alipokwenda kuuliza katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, akaambiwa arudi Jumanne. Jumanne akaambiwa mwenye orodha amesafiri. Sasa ni Jumanne nyingi. Na kuna mtu wa kituo cha biashara, hajawahi kuona hata mavi ya tembo, ana mbuzi wawili wa mradi.

Kwa hiyo mimi sisemi "zinaliwa" kama yule kijana wa Ntinda anayeandika kutoka kitandani. Mtaro tulichimbiwa, nimeuona. Sehemu nyingine wameweka waya wa umeme, na waliowekewa wanavuna. Mbinu ya pilipili tulifundishwa: unachanganya kinyesi cha tembo na pilipili, unakausha kama tofali, unachoma mpakani jioni. Upepo ukiwa wa kwetu wao wanarudi, upepo ukigeuka tunakohoa sisi. Hayo yote yanatoka kwenye pesa za wageni na wafadhili. Ila ninalotaka ni orodha ibandikwe ukutani. Zimekuja kiasi gani, zimekwenda kwa nani. Karatasi moja, misumari minne.

Halafu Mzee hukusema fidia. Sheria ile mpya ya 2019 imetenga asilimia 2 ya mapato ya mamlaka kwa ajili ya waliouawa, waliojeruhiwa au walioharibiwa mazao na wanyama. Fomu nimejaza. Picha za shimo la mhogo zimepigwa. Nasubiri.

---

MwongozaWatalii256 (Jumatatu, saa 5:05 asubuhi)

Mama, hapo kwenye karatasi na misumari umesema kila kitu. Nina wageni wawili wanakunywa chai, nina dakika ishirini.

Dereva, kitu kimoja ambacho hakijasemwa: pesa yako haibaki Murchison. Hifadhi za taifa ziko kumi, na kapu ni moja. Wanaolijaza ni sokwe wakubwa (gorila) wa Bwindi, halafu Murchison na Queen Elizabeth. Kibali cha kuwaona hao sokwe tangu Julai 2024 ni dola 800 kwa mgeni wa nje, sisi wa Afrika Mashariki shilingi 300,000. Saa moja tu ya kukaa nao. Sasa linganisha na Kidepo kule Karamoja. Mimi nasema Kidepo ni nzuri kuliko zote, nipigeni mawe, lakini ni safari ya siku nzima na zaidi kutoka Kampala, wageni ni wa kuhesabika. Ingetegemea geti lake peke yake, maafande wangeshauza viatu. Kwa hiyo sokwe wa Bwindi analipa dizeli ya Kidepo.

Wengine wanafanya tofauti. Marekani, angalau asilimia 80 ya kiingilio inabaki kwenye hifadhi ile ile iliyokusanya. Mgeni wangu mmoja aliniuliza kwa nini sisi hatufanyi hivyo, nikampeleka Kidepo, hakuuliza tena. Rwanda nao walipandisha kibali cha sokwe hadi dola 1,500 mwaka 2017, na fungu la wananchi wakalitoa asilimia 5 hadi 10, ya mapato ya utalii wa hifadhi, siyo ya mlango tu. Hapo Mama ana hoja. Kwetu kibali cha sokwe cha dola 800 kinatoa tozo ya dola 10 kwa wananchi. Kumi! Kiingilio cha Bwindi kimo ndani ya kibali, sawa, lakini hata mtoto wa shule anaona hiyo hesabu imeinama upande mmoja.

Ila ubaya wa mbuga kuishi kwa mgeni tuliuona 2020. Machi kila kitu kikafungwa. Mimi niliuza jenereta yangu, nikalima maharage. Geti halina mtu, kapu halijazwi, vijana wa vijijini waliokuwa wanabeba mizigo ya wageni hawana kazi, na nyama porini ipo. Mitego ikaongezeka. Juni mwaka ule ule Rafiki akachomwa mkuki. Rafiki alikuwa sokwe wa Bwindi, dume kubwa la mgongo wa fedha, kiongozi wa kundi la Nkuringo, miaka kama 25, nimempelekea wageni sijui mara ngapi. Mtu alikuwa anawinda nguruwe mwitu, wakakutana. Alifungwa miaka 11. Tuliobaki tulilia, na wengine, niseme kweli, tulikuwa tunalilia riziki vilevile.

Na hayo mataya ya springi ambayo Mzee anayataja: Queen Elizabeth kuna simba anaitwa Jacob, alipoteza mguu kwenye mtego wa chuma. Madaktari wa wanyama walimtibu, akapona kwa miguu mitatu. Februari 2024 yeye na ndugu yake walivuka mfereji wa Kazinga kwa kuogelea, usiku, maji yana mamba na viboko, zaidi ya kilomita moja. Wageni wote sasa wanamtaka Jacob. Mimi nawaambia lipeni kwanza.

Chai imeisha. Nakuja jioni.

---

Bazukulu_Ntinda (Jumatatu, saa 6:30 mchana)

Mama Mihogo nimekubali nimepigwa. Lakini orodha ikibandikwa nitumieni picha, nitaamini.

---

MzeeWaDoria (Jumatatu, saa 10:10 jioni)

Mama, fidia sikuisema kwa sababu wakati wangu haikuwepo. Tulikuja kwenye shamba lililoliwa tukiwa na bunduki na pole, basi. Pole nimetoa nyingi. Kuna bibi mmoja alinijibu, "Afande, pole yako niichemshe na chumvi?" Sikumjibu.

Kuhusu jirani yako, asiende peke yake. Nendeni kumi, na mwende siku ya kikao cha parokia (ile ya serikali, siyo ya kanisa), muombe isomwe kwa sauti. Karatasi hupotea, sauti watu wanaikumbuka.

---

MamaMihogo (Jumatatu, saa 10:25 jioni)

Parokia yetu ina kikao Alhamisi. Kiingilio nitamfunga kamba nije naye kama shahidi.

---

DerevaWaArua (Jumanne, saa 1:15 usiku)

Nimesoma yote nikiwa nimeegesha Bweyale, nikamsomea tanboi kwa sauti. Shemeji nimemtumia. Amejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, nusu yake ni Jacob.

Hesabu nimeielewa. Elfu 5 ya kila mmoja wetu kwa Mama na majirani zake, ikifika. Elfu 20 kwa watu wa kutembea, na dizeli, na greda, na kapu la kumbeba Kidepo. Dola 10 kwenye 800 sijaielewa na sidhani nitaielewa.

Lakini kilichoninyima usingizi ni tairi. Mzee, hukunijua lakini ulinisema. Kila mwaka nabadilisha bapa mbili tatu za springi na matairi sijui mangapi. Kuna kijana huja gereji pale barabarani na baiskeli, ananunua tairi lililokwisha shilingi elfu kumi, springi iliyovunjika elfu tano. Miaka yote nilidhani anatengeneza ndala na majembe. Nilikuwa namwita mteja. Mwezi uliopita alinunua matatu, na leo nimejiuliza kwa mara ya kwanza, ndala za watu wangapi? Nimelipa elfu 75 getini kuondoa waya, na elfu 30 nilikuwa nimeshapokea kuziingiza.

Nyuma ya nyumba yangu Arua kuna matairi mawili sasa hivi na springi moja. Kijana amepiga simu jana. Sijashika.

Nani anajua pa kuyapeleka?

---

MzeeWaDoria (Jumanne, saa 1:40 usiku)

Tupia juu ya mzigo ukipita Alhamisi. Nyumba yangu ni ya tatu baada ya daraja, ina mwembe. Matairi nitajaza udongo nipande vitunguu, mke wangu amenidai bustani tangu nistaafu. Springi niletee hata kama imevunjika vipande viwili. Hiyo nitaizika mwenyewe.